Mtoto akikamatwa: Kenya na Tanzania Bara zinatofautiana wapi, na wapi tumekwama wote?

#1 — Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila tukijadili watoto waliofanya makosa, mjadala unagawanyika pande mbili. Upande mmoja unataka wachapwe na kufungwa, mwingine unataka waachwe kwa kuwa ni watoto. Sheria zenyewe hazisomwi. Majirani zetu Kenya waliandika upya Sheria ya Watoto mwaka 2022, sisi tuna Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009. Nimezisoma zote mbili kwa makini, pamoja na kanuni za adhabu za nchi zote mbili, na nataka tuzijadili kwa vifungu, tuache hisia. Nazungumzia Bara. Zanzibar wana sheria yao, nitashukuru kama kuna mdau wa huko atakayetueleza.

Chukua mtoto wa miaka 11 aliyeiba simu dukani Isebania, upande wa Kenya. Huyo hashtakiki kabisa. Sheria ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kubeba jinai, na wa kuanzia 12 hadi kabla ya 14 anachukuliwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya mpaka mahakama iridhishwe kwa ushahidi kwamba anajua. Mvushe mtoto huyohuyo mpaka hadi Sirari, kwetu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 15, inamkinga moja kwa moja aliye chini ya miaka 10 tu. Kati ya 10 na 12 anaweza kushtakiwa, ikithibitishwa kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa analofanya ni kosa. Akishafika 12, kwetu hana tena kinga ya umri.

Msikimbilie kusema Kenya wametuzidi siku zote. Kabla ya 2009 umri wetu ulikuwa miaka 7. Tukaupandisha hadi 10 kwa sheria ile ile ya mtoto. Kenya walibaki na miaka 8 hadi 2022. Miaka yote hiyo 13 sisi ndio tulikuwa mbele, halafu tukasimama. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika mwongozo wake namba 24 wa mwaka 2019, inazihimiza nchi ziweke umri huo usipungue miaka 14. Hakuna kati yetu aliyefika huko.

Ila umri sio jambo linaloniumiza zaidi. Linaloniumiza ni kinachotokea kati ya kukamatwa na kusimama mbele ya hakimu.

Sheria ya Kenya ina sehemu nzima inayoeleza namna ya kuliondoa shauri la mtoto kwenye njia ya mahakama kabla halijawa kesi. Polisi, mwendesha mashtaka au mahakama yenyewe wanaweza kuamua hivyo kwa masharti. Mtoto akubali kwa hiari yake kwamba alifanya kosa, bila kutishwa. Awe ameelezwa kwamba ana haki ya kunyamaza. Ushahidi uwe wa kutosha kumshtaki, maana njia hii si ya kumfunga mdomo mtoto ambaye hakuna ushahidi dhidi yake. Mzazi au mlezi akubali. Baada ya hapo mtoto anapewa hatua za kutimiza: kuomba radhi, kurudisha alichochukua au kulipa fidia, kuhudhuria shule bila kukosa, kuripoti kwa afisa fulani, kufanya kazi ya kijamii inayolingana na umri wake. Akitimiza, hakuna kesi. Hata kabla ya sheria hiyo, ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ya Kenya ilishatoa sera ya jambo hili mwaka 2019.

Kwetu Sheria ya Mtoto, ilivyotungwa 2009, haikuwekewa sehemu kama hiyo. Kifungu cha 101 kinamtaka mkuu wa kituo amwachie mtoto kwa dhamana yake mwenyewe au ya mzazi, isipokuwa kosa liwe la kuua mtu au lenye adhabu inayozidi kifungo cha miaka 7, au awe anahitaji kutengwa na watu wabaya, au kumwachia kuharibu haki. Kifungu ni kizuri. Lakini dhamana haimalizi shauri. Mtoto anarudi nyumbani akiwa mshtakiwa na anaendelea kuitwa mahakamani. Mwaka 2012 ulianza Temeke, na baadaye Mbeya, mpango wa kurekebisha tabia kwenye jamii, ambapo watoto wanaokinzana na sheria wanasaidiwa wakiwa nyumbani kwao. Ni kazi nzuri. Lakini mpango usio na mguu ndani ya sheria unategemea fedha za mradi na moyo wa maafisa waliopo. Afisa akihama, mtoto wa wilaya hiyo hana pa kudai.

Hapo ndipo ninaposimama: kabla ya kubishana kuhusu umri na adhabu, tuandike kwenye sheria nani ana mamlaka ya kumrudisha mtoto nyumbani siku ya kwanza, na kwa masharti gani. Asiposhikwa mkono pale kituoni, mengine yote yaliyoandikwa kwa uzuri yanamkuta ameshaharibika.

Kuhusu mahali pa kuwaweka, kwetu mahabusu za watoto kwa muda mrefu zilikuwa tano: Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya. Bara ina mikoa 26. Mtoto akikosa dhamana Kigoma au Rukwa, jiulizeni analala wapi. Shule ya maadilisho tumeijua moja, Irambo, kule Mbeya. Kenya wana shule za kurekebisha tabia nyingi zaidi, kama Kabete, Wamumu, Getathuru, Othaya na Likoni, na za wasichana Kirigiti na Dagoretti. Zote hizo ziko chini ya idara ya watoto. Wana pia borstali, yaani vituo vya kuwafungia na kuwafunza vijana wakosaji, za Shimo la Tewa na Shikusa kwa wavulana wa kuanzia miaka 15, na ya Kamae kwa wasichana. Hizi ziko chini ya Magereza, na mtoto anakaa miaka 3. Hapo siwaonei Kenya wivu hata kidogo. Katiba yao ya 2010, ibara ya 53, inasema mtoto asizuiliwe isipokuwa kama hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Miaka mitatu chini ya askari magereza inaendaje na maneno hayo?

Karibuni. Nawaomba sana wenye uzoefu wa mahakama za watoto waseme.


#2 — Mkaazi wa Kisauni

Asante kwa uzi huu, ndugu. Mimi ni Mkenya, nimefanya kazi ya kujitolea na watoto walio na kesi huku Pwani kwa miaka kadhaa, tangu wakati wa sheria ya 2001.

Uliyoyasema ni kweli kwenye karatasi, na mengi ni kweli hata kituoni. Niongezee tu yale ninayoyaona. Sheria mpya imesaidia sana makosa madogo. Kijana akishikwa na kuku wa mtu, au wamepigana shuleni, zamani alikuwa akishtakiwa tu kwa sababu polisi hakuwa na njia nyingine ya kulimaliza faili. Sasa kuna njia. Mzazi anaitwa, mlalamishi anaitwa, afisa wa watoto anakaa nao.

Shida iko kwa neno moja: mzazi. Sharti la idhini ya mzazi ni zuri, lakini watoto ninaokutana nao wengi hawana mzazi wa kuja. Wanalala barabarani, au wanaishi na nyanya aliye mgonjwa kule bara ya Kenya. Huyo anabaki ndani kwa sababu hakuna wa kutia sahihi, na yule aliyefanya kosa zito kuliko lake anaenda nyumbani kwa kuwa baba yake alifika na gari. Sheria haikukusudia hivyo, lakini ndivyo inavyotokea, na mimi naiona mara nyingi.

Jingine ni maafisa wa watoto. Afisa mmoja anahudumia eneo kubwa, ana kesi za malezi, za ulinzi, za kutelekezwa, na hizi za jinai juu yake. Ripoti ya kijamii ambayo mahakama inaitaka inachelewa, na mtoto anangoja.

Kuhusu borstali nakubaliana na wewe kabisa. Kuna walimu wazuri ndani, kuna vijana wamefanya mitihani ya kitaifa wakiwa huko na wakapita. Lakini lango ni la gereza.


#3 — Mzalendo wa Mbagala

Mkuu mleta uzi, maneno yako ni mazuri lakini sisi tunaoishi huku tumeona panya road. Watoto wa miaka 14, 15, 16 wanaingia mtaani na mapanga, wanapora, wanakata watu mikono. Mama mjane kajeruhiwa, simu na mtaji vimekwenda. Halafu unasema mtoto aombe radhi, arudi nyumbani? Aliyekatwa panga naye ana haki zake au haki ni za mtoto peke yake? Viboko tulivyochapwa sisi vilitufanya watu. Naomba jibu, sio vifungu.


#4 — Mleta uzi

Mkuu wa Mbagala, swali lako ni la haki na nitalijibu bila kulikwepa.

Kwanza, mtoto aliyemkata mtu panga haombi radhi na kwenda zake, si Kenya wala popote. Kule hatua za kuliondoa shauri mahakamani zimepangwa kwa ngazi kulingana na uzito wa kosa, na mwendesha mashtaka lazima aridhie. Njia hii imewekwa kwa ajili ya wale wengi wa kuku, simu na ugomvi. Ukiwaondoa hao kwenye foleni, polisi na hakimu wanapata muda wa kushughulikia vizuri hao wa mapanga. Sasa hivi wote wako kwenye foleni moja, na mara nyingi wote wamelala chumba kimoja. Mtoto wa simu anayelala na wa panga hatoki na tabia ya simu.

Pili, huyo mama uliyemtaja. Adhabu ya kawaida ya mahakama haimrudishii mtaji wake. Utaratibu unaomkutanisha na familia ya mtoto, ukawabana walipe, unampa kitu mkononi. Namtetea na yeye pia ninaposema haya.

Tatu, viboko. Hapa nataka niseme kwa uzito, maana ndipo nchi hizi mbili zinaachana kabisa. Kenya walifuta adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na viboko vya mahakama mwaka 2003. Sisi tunavyo kotekote. Sheria yetu ya Mtoto, kifungu cha 119, inasema mtoto hatahukumiwa kifungo bila kujali sheria nyingine inasema nini. Ni kifungu cha kujivunia. Lakini hakikugusa viboko, na Kanuni ya Adhabu bado inaviagiza.

Angalieni inavyofanya kazi. Mvulana wa miaka 16 na msichana wa miaka 16 wamependana, wamelala pamoja. Nchi zote mbili ridhaa ya msichana huyo haihesabiki, maana hajafika 18. Kwetu hilo ni kosa la kubaka, na kifungu cha 131 kinasema mvulana wa miaka 18 au chini yake, kwa kosa la kwanza, adhabu yake ni viboko tu. Kwao ni unajisi chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na mvulana huyo anaweza kupelekwa borstali. Mvulana mmoja wa miaka 16 alikwenda Mahakama Kuu ya Eldoret kudai kwamba kumshtaki yeye peke yake, ilhali wote wawili ni watoto, ni ubaguzi. Mwaka 2014 alishindwa.

Kwa hiyo kwetu anachapwa, kwao anafungiwa, na hakuna nchi iliyojiuliza kwa dhati kama watoto wawili wa rika moja wanafaa kuwa mbele ya hakimu. Kwangu hilo ni shauri la wazazi, mwalimu na afisa ustawi wa jamii. Ila kukiwa na nguvu, hila au tofauti kubwa ya umri, hapo ni jinai na ibaki jinai. Nasisitiza hilo mtu asije akanilisha maneno.

Na viboko kumfanya mtu kuwa mtu: hao wa mapanga nao walichapwa, nyumbani na shuleni. Hakuna aliyewanyima viboko.


#5 — Mtu wa Michenzani

Salaam alaykum. Mleta uzi kaomba wa Zanzibar tuseme, na mimi nasema kwa ufupi.

Sisi tuna Sheria ya Watoto Na. 6 ya 2011. Mwaka 2015 ilipata tuzo ya dhahabu ya sera bora duniani kuhusu haki za watoto, inayotolewa na Baraza la Dunia la Mustakabali. Nchi ndogo, lakini watu walikaa wakaiandika kwa kuwasikiliza watoto wenyewe. Kwa hiyo Bara hawana haja ya kupanda basi hadi Nairobi kutafuta mfano. Wapande boti tu.

Nikuongezee jambo moja, ndugu yangu, hukuligusa: mtoto aliyeua. Hapo kila sheria nzuri inanyamaza.


#6 — Mleta uzi

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu wa Michenzani. Umenigusa, maana hilo nililiacha kwa kuwa ni refu.

Nchi zote mbili, Bara na Kenya, kesi ya mauaji haisikilizwi na mahakama ya watoto. Inakwenda Mahakama Kuu. Kwetu mauaji hayana dhamana, kwa hiyo mtoto anasubiri vikao vya Mahakama Kuu akiwa ndani, na anayejua mambo ya vikao anajua kusubiri huko kunavyoweza kuwa. Kenya, Katiba yao inaruhusu dhamana hata kwa mauaji pale ambapo hakuna sababu nzito ya kuikataa, na umri wa mtoto unasaidia hoja hiyo.

Akipatikana na hatia, hahukumiwi kunyongwa kama alikuwa chini ya miaka 18 alipotenda. Hilo liko sawa pande zote. Lakini kifungu cha 26 cha Kanuni yetu ya Adhabu kinasema badala yake azuiliwe kwa ridhaa ya Rais. Maana yake hakuna tarehe. Mtoto anaingia na hajui kama atatoka akiwa na miaka 20 au 50, na anayeamua si mahakama. Kenya walikuwa na kifungu cha aina hiyohiyo, cha 25. Mwaka 2017 watu saba waliokuwa wamezuiliwa hivyo wakakipinga, na Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema kinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa kutoa adhabu na kupanga muda wake ni kazi ya mahakama.

Hili kwetu halihitaji mradi wala fedha za wafadhili. Ni Bunge kurekebisha kifungu kimoja, au wakili mmoja mwenye moyo kukipeleka mahakamani.


#7 — Mama wa watatu

Samahani wakuu, mimi sio mwanasheria. Mtoto wa marehemu dada yangu ana miaka 15, tunaishi naye hapa Tabora. Mwaka jana alishikwa na wenzake kwa tuhuma za kuvunja duka, akaandikwa kwenye karatasi kuwa ana miaka 19 kwa sababu ana mwili mkubwa. Tulihangaika sana mpaka akatoka. Naomba mtu anieleze, likitokea tena kwangu au kwa jirani, tuanzie wapi?


#8 — Ustawi Kanda ya Ziwa

Pole sana dada. Nimekuwa afisa ustawi wa jamii kwa muda mrefu, na hilo la umri ndilo tunalopigana nalo kuliko jingine lolote. Mleta uzi kaeleza vizuri sheria, lakini mtoto akishaandikwa 19 sheria yote ya mtoto inamtoka siku hiyohiyo. Ataenda mahakama ya kawaida, atalala na watu wazima, na anaweza kufungwa gerezani.

Kwa hiyo anzieni na karatasi. Kama hana cheti cha kuzaliwa, nendeni mkakishughulikie sasa, msisubiri balaa. Kikikosekana, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au barua ya shule inayoonyesha alianza darasa la kwanza lini vinasaidia. Piga nakala, ya kwako weka mahali utakapoipata usiku. Mahakama ina wajibu wa kuchunguza umri pale inapoonekana aliye mbele yake ni mtoto, lakini hakimu anaona faili, na faili limeandikwa na askari. Semeni umri wake mapema na mseme kwa sauti.

Kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, na omba afisa ustawi wa jamii wa halmashauri aitwe. Hiyo ni haki ya mtoto, huombi hisani. Usikubali ahojiwe au asaini maelezo ukiwa nje ya mlango. Omba dhamana siku hiyohiyo, ukitaja kifungu cha 101 cha Sheria ya Mtoto. Si kila askari anakijua, wengine wakitajiwa namba wanakwenda kukisoma. Na umwambie mtoto asitenganishwe na wewe kwa ahadi ya kwamba akikiri ataachiwa. Kwetu, kama alivyosema mleta uzi, kukiri kituoni hakumalizi shauri. Kunampa mwendesha mashtaka ushahidi.

Ikifika mahakamani, shauri lisikilizwe faragha, katika chumba au jengo tofauti na la vikao vya kawaida, nawe mlezi uwepo. Ukiona ameingizwa kwenye foleni ya washtakiwa watu wazima, nyoosha mkono umwambie karani kwamba huyu ni mtoto. Wapo wasaidizi wa kisheria wilayani wanaofanya kazi bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya ustawi ya halmashauri itakuelekeza kwao.

Na huyo wa Kisauni aliyesema kuhusu mtoto asiye na mzazi wa kutia sahihi: kwetu pia yupo. Tukija kuandika sehemu ya kuliondoa shauri mahakamani, naomba iandikwe wazi kwamba afisa ustawi anaweza kusimama mahali pa mzazi pale mzazi anapokosekana. Tusinakili ya Kenya pamoja na tundu lake.


#9 — Mama wa watatu

Asante sana. Cheti nakwenda kukifuatilia Jumatatu. Shule yake ya msingi bado wana kitabu cha uandikishaji, nitawaomba barua pia.